Yai Nililokataa Kulikaanga

Sekela mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako amekwenda kituoni kuuliza basi la kesho linapita saa ngapi, kana kwamba mabasi ya Mbeya yameanza kupita Ilula jana. Nyumba imetulia. Jua bado liko juu ya mashamba ya nyanya, nami nimevuta meza karibu na dirisha ili niandike kabla hamjarudi. Mkirudi nitaanza kuuliza kama umeweka sweta, na niliyotaka kusema yatapotelea kwenye sweta.

Basi sweta sitalitaja. Wala sitakuandikia habari za kula, za kulala, wala za kumsalimu shangazi yako Atu, utakayefikia kwake Mbeya, asubuhi kabla hujashika simu. Una miaka ishirini na sita, hayo unayajua. Nataka tuzungumze habari ya yai.

Wiki tatu zilizopita uliingia jikoni ukiwa na simu mkononi na ile sufuria ya graniti yenye mpini, nyeusi ndani, uliyosema ndiyo itakayofungua duka lako la mtandaoni. Uliiweka juu ya jiko la gesi. Ukaweka yai kwenye kisosi pembeni, ukasogeza pazia ili mwanga uingie vizuri, ukaniambia:

"Mama, dakika moja tu. Unavunja yai, unaligeuza, halafu unasema, 'Mimi ni Mwalimu mama Sekela, na sufuria hii haigandishi.' Basi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Wanafunzi wako wametapakaa kila mkoa, Mama. Mimi hawanijui. Wakikuona wewe, wataamini."

Nilitazama lile yai. Nikaweka kanga yangu sawa begani, nikasema nakwenda kuangalia kuku, nikatoka. Sikurudi mpaka niliposikia umezima jiko.

Siku mbili hukunisemesha ila kwa lazima. Siku ya tatu nilikusikia uani ukimwambia baba yako, "Mama haamini kama naweza." Akakujibu, "Mama yako haamini hata saa ya ukutani, akitaka kujua saa anauliza redio." Mkacheka. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele, na sikucheka. Sitaki upande basi kesho na neno hilo. Sina shaka na wewe hata kidogo. Nisiyemwamini ni mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya watu na yai mkononi. Nilikwisha kusimama hivyo mara moja, na sijawahi kukusimulia yaliyofuata.

Ulikuwa darasa la pili. Chumba chako cha mbele, hicho ambacho leo kimejaa maboksi yako, kilikuwa duka langu la vyombo. Asubuhi nilifundisha, jioni nilifungua mlango wa barabarani nikauza sufuria, mabeseni, chupa za chai na michujio. Sikuhitaji kujitangaza sana. Nilikuwa nimewafundisha nusu ya akina mama wa hapa maarifa ya nyumbani, na nusu nyingine nilikuwa nikiwafundishia watoto. Nikisema beseni hili ni zuri, lilikuwa zuri.

Kisha mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita na lori kutoka Tunduma akaniletea sufuria za aina mpya, nyeusi ndani, ambazo alisema chakula hakishiki. Akakaanga yai mbele yangu barazani, likateleza humo kama sabuni. Nikachukua mzigo mzima. Sikupikia hata moja. Nilitaka zote zibaki mpya za kuuzwa.

Wiki chache baadaye ilikuwa kichenpati ya mama yako mdogo Tabia. Nadhani unaikumbuka kwa sababu ya keki. Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi wa siku hizi mnalipitia haraka, kwa kuwa mnaleta zawadi zimefungwa kwenye karatasi zinazong'aa. Kwetu, anayempa bibi harusi chombo hakiweki mezani akaondoka. Anakishika juu, anamwita bibi harusi, anamfundisha mbele ya wote: hiki kinatumika hivi, kinatunzwa hivi, kikikushinda fanya hivi. Ni mafunzo ya mwanamke mmoja kwa mwingine. Hasemi amekinunua wapi, na ukumbi mzima unamsikiliza kwa sababu hauna shaka na nia yake.

Mimi nilikwenda na sufuria tatu za zawadi, jiko dogo la gesi na trei ya mayai. Nilikuwa nimeongea na mshereheshaji mapema. Zamu yangu ilipofika akatangaza, "Sasa tunaingia darasani! Mwalimu, somo la leo ni nini?"

"Somo la leo ni yai," nikasema, na ukumbi ukapiga vigelegele.

Nilivunja yai bila mafuta. Nikalizungusha, nikaligeuza kwa kutikisa mkono tu, nikamlisha Tabia kipande. Wakasimama kutazama. Nikawaambia, "Na zipo nyingine nyumbani, mlango wa barabarani, mnapajua." Hapo ndipo nilipolitumia vibaya lile jambo la mafunzo, ingawa siku ile niliona nimefanya akili nyingi.

Wakati vigelegele vinapungua, sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa mama Anyesi, yule aliyekuwa na shamba la nyanya upande wa mtoni, ambaye binti yake nilikuwa nikimfundisha. Akauliza kwa upole tu, "Na ugali je, Mwalimu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, darasani na nje ya darasa. Nami nikajibu, "Ugali tena, mama Anyesi? Wenzako tumeshafika mjini!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akaongeza, "Mama Anyesi, shuka kwenye lori!" Naye akacheka pamoja nasi, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, akakaa. Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni kwangu kununua.

Nikufafanulie kwa nini swali lile lilikuwa zuri, maana ndilo utakalokutana nalo Mbeya. Yai halina nguvu. Halisukumi, halikandamizi, linakaa kwenye moto dakika moja na kuondoka. Ugali wa kwetu unapikwa juu ya mkaa uliokolea, unasongwa kwa mwiko unaokandamiza ubavu wa sufuria mpaka mkono unauma. Ukiisha kupakuliwa unabaki ukoko. Ukoko unalowekwa, unakwanguliwa kwa kijiko, kisha sufuria inasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ing'ae, kwa sababu mwanamke wa hapa huanikwa yeye pamoja na vyombo vyake. Mgeni akipita uani anatazama kichanja kwanza. Sufuria nyeusi ndani ukiisugua hivyo inabanduka ngozi. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nikiyafundisha. Ila siku ile nilionyesha yai kwa watu wanaopika ugali.

Mzigo wote ukaisha. Hakuna aliyerudi kulalamika, na mimi nikadhani wameridhika.

Mvua zilipoanza, Anyesi hakuonekana shuleni siku kadhaa, nikaenda kwao kuuliza. Mtoto alikuwa na homa tu. Nilipokuwa natoka nikaona kuku wanakunywa maji chini ya mgomba, na chombo walichonywea nilikitambua kwa mpini wake. Ndani kilikuwa na mabaka, kama mbwa mwenye ukurutu.

"Mama Anyesi, ile si sufuria ya dukani kwangu?"

Akaangalia chini. "Ndiyo, Mwalimu. Unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nimeiharibu. Niliisugua kama zile nyingine, ikaanza kutoka magamba. Mzee akala ugali una vidoa vyeusi, akauliza ni nini, nikamwambia ni mimi, vyombo vya kisasa sijavijulia. Na wenzangu hivyohivyo. Tukaona aibu kukuambia, maana ulishasema ni za waliofika mjini."

Hakusema kwa kejeli, mwanangu. Laiti angesema kwa kejeli. Alikuwa ananiomba radhi kwa dhati, yeye aliyekuwa ameniuliza mapema, mbele ya mashahidi, swali ambalo lingemwokoa.

Unajua nilimjibu nini? Nilimpigapiga begani nikamwambia, "Usijali, utazoea." Nikashika njia.

Neno hilo limenisumbua kuliko sufuria zote. Sufuria niliuza kwa kutojua, au kwa kutotaka kujua. "Utazoea" nilisema nikiwa najua kila kitu. Baada ya hapo nikafunga duka. Watu wakiuliza nikawaambia kazi za shule zimenizidi, na ninyi nyumbani nikawaambia Sekela amekua, anahitaji chumba chake. Ulifurahi sana, ukabandika picha ukutani. Sikuwa na moyo wa kukwambia kwamba chumba umekipata kwa sababu mama yako anaogopa wateja wake.

Kwa hiyo ulipoweka yai kwenye kisosi na kusema watu wataniamini, nilisikia ukumbi ule wote ukipiga vigelegele. Ilinipasa nikueleze palepale. Badala yake nikaenda kuangalia kuku, ambao walikuwa wamekwisha kula na hawakuwa na shida yoyote.

Sasa nikuungamie la pili. Ile sufuria uliyoitafuta nyumba nzima, ukamlaumu baba yako kwamba kaipeleka shambani kunyweshea mbwa, niliichukua mimi. Yeye alijua, ndiyo maana hakujitetea. Nilikwenda nayo kwa mama Anyesi.

Siku hizi ana meza yake barabarani, pale mabasi yanaposimama abiria wakanunua nyanya na vitunguu. Nilimkuta anapanga sado zake, zile ndoo ndogo za kupimia nyanya.

"Kamwene, mama Anyesi."

"Kamwene, Mwalimu. Leo nyanya au salamu?"

"Nimekuja kukuomba radhi ya kitu cha zamani."

Akaniangalia, akaona mpini unachungulia kwenye kikapu changu, akaanza kucheka kabla sijasema neno. Nilisema lote hata hivyo, nimesimama, huku malori yanapita. Nilipomaliza akasema, "Nilijua siku nyingi. Anyesi aliniletea nyingine kutoka Makambako, ilikuwa na karatasi ya maelezo, akanisomea. Nikasema, kumbe hata Mwalimu hakuwa anajua!"

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Ungenijibuje, Mwalimu?" Akanikazia macho. "Utazoea?"

Akanisukumia kigoda. "Kaa basi. Binti yako anauza hizi hizi?"

"Hizi, ila anasema ni imara zaidi."

"Anasema, au amepikia?"

Unaona, Sekela? Bado yuko nyuma ya ukumbi, bado anauliza swali lilelile. Safari hii nilikaa nikamjibu. Tulikubaliana apikie ugali ndani yake kila siku, juu ya mkaa, kwa mwiko wake, na mimi niwe ninakwenda kuona. Nimekwenda karibu kila jioni kwa wiki mbili, ninyi mkidhani niko kwenye sala za jumuiya.

Haya ndiyo tuliyoyaona, nayaandika kama yalivyo. Ugali haushiki, ukoko unatoka mzima kama kofia. Mkaa haukuidhuru ndani, ila chini imekuwa nyeusi na haitarudi kuwa kama ilivyokuwa boksini. Mpini unapata moto, ushikwe kwa kitambaa, na msumari wake ulilegea siku ya tano tukaukaza. Mwisho, mama Anyesi akaniambia, "Tuimalize kabisa." Akachukua majivu na mchanga, akasugua sehemu moja karibu na mpini kwa mkono wake wote. Ikakwaruzika. Mkwaruzo wenye urefu wa kidole. Akaiweka chini akasema, "Mwambie aseme hivi: inapika, lakini mchanga haitaki. Mimi ningenunua nikijua hivyo. Ningeiosha kwa kitambaa, nikaacha zile nyingine zing'ae kichanjani."

Hapo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa miaka yote hiyo. Nilidhani kosa langu lilikuwa kutangaza, ndiyo maana nilijificha, na ndiyo maana nilitaka na wewe usinitie katika tangazo lako. Kutangaza hakukuwa kosa. Watu wa Ilula walihitaji vyombo, na mtu lazima awaambie vipo. Kosa lilikuwa kumfanya aliyeuliza aonekane mshamba, halafu nikamwachia aibu iliyokuwa yangu. Anayenunua kwa sababu anakuamini, chombo kikimshinda hawezi kukulaumu. Anajilaumu yeye. Anakificha, ananyamaza, na wewe unauona ule unyamavu unadhani biashara imekwenda vizuri.

Nimesikiliza mipango yako ya uzinduzi kupitia ukuta, unisamehe, ukuta ni mwembamba. Yule dada wa Mbeya mwenye wafuasi wengi, mtumie ukitaka. Anajua kazi yake kuliko mimi. Picha zako ni nzuri, hata mwiko umeupiga picha ukaonekana kama bibi harusi. Punguzo la wiki ya kwanza sina neno nalo. Ninachokuomba ni kidogo. Mtandaoni ukumbi hauna mlango wa nyuma, lakini mama Anyesi ataingia tu. Ataandika chini ya picha, pengine kwa herufi zilizokosewa, "na ugali je?" Wengine watamwekea vile vikatuni vya kucheka. Acha yote uliyokuwa ukifanya, umjibu yeye kwanza, na umjibu kama vile ndiye pekee aliyekuja.

Tena wateja wako hawatakuwa wasichana wa mjini peke yao. Shangazi Atu anasema hapo Uyole wanapita akina mama kutoka Usangu, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na simu wanazo. Mama anayewasongea ugali watu kumi na watano juu ya kuni hana haja ya kujua kwamba yai halitashika. Anataka kujua mpini utahimili uzito au utamwachia chakula chini. Kama sufuria yako haimfai, mwambie haimfai. Atarudi siku anayotafuta chujio la chai, na atakuja na jirani yake. Na mwezi ukipita, wapigie wale wa kwanza uwaulize sufuria inaendeleaje, kama unavyouliza habari ya mgonjwa. Mimi sikuuliza. Niliwaacha kuku ndio wanijulishe.

Sasa habari ya video. Jana, ulipokwenda Iringa mjini kuchukua maboksi, tuliitengeneza. Aliyeshika simu ni baba yako, kwa hiyo mwanzoni utaona dari, kisha dole gumba lake, kisha mimi nisiye na kichwa. Baadaye anapata maarifa. Mama Anyesi anasonga ugali, mimi nimeshika sufuria kwa kitambaa. Ananiuliza, "Na ugali je, Mwalimu?" nami najibu yote niliyokuandikia hapa, pamoja na mpini na mkwaruzo. Mwishoni baba yako anasikika akiuliza kama ugali ule unaliwa au ni wa maonyesho. Si ya dakika moja, ni ndefu. Itumie ukipenda, uikate ukipenda, lakini usikate swali. Usipoitumia kabisa sitakasirika. Nilihitaji kuisema mbele ya mama Anyesi kuliko mbele ya watu wa mtandaoni. Jina langu na uso wangu nimekupa, kwa kile nilichokipikia tu. Kwa vyombo vingine nitakupa nikishavipikia. Nitumie kimoja kimoja kwa basi, nina muda, nimestaafu.

Sufuria nimeiweka chini kabisa ya begi lako, imefungwa kwenye kanga yangu ya zamani. Sijaisugua masizi ya chini, na mkwaruzo uko palepale karibu na mpini. Ukifika, kabla hujapiga picha zile mpya zinazong'aa, ipige hiyo kwanza.

Nawasikia mnakuja, baba yako anabishana na mtu getini kuhusu saa za basi. Nafunga barua. Juu ya kanga kuna mfuko wenye mayai sita ya kuchemsha, na chumvi kwenye karatasi. Hayo ni ya kula njiani, wewe na utakayekaa naye. Usilipige picha hata moja.

Mama yako,
aliyekwenda kuangalia kuku